Kutu, Mchwa na Kaunta Buku

Watu wakipewa jengo la stesheni ya zamani ili walifanye makumbusho, kitu cha kwanza wanachonunua ni rangi. Kengele inasuguliwa, taa ya mkono inapakwa nyekundu, kipande cha reli kinapigwa grenda mpaka kinameta. Halafu anakuja mgeni anayeijua reli, anauliza: hiki ni cha mwaka gani, kimetoka wapi? Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye chuma chenyewe, na grenda imeshalifuta. Haya tunayoandika tumeyapata kwa kutunza vitu vya usafiri kwenye jengo la namna hiyo huku Mtwara, tukiwa watu wa kujitolea wenye kazi zetu nyingine. Mengi tumeyajua baada ya kuharibu.

Kwanza ijulikane tuna nini na hatuna nini. Reli ya kusini ililetwa na mpango wa karanga, mradi wa Waingereza wa mashamba makubwa ulioanza 1947, ule wa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Njia ya kwanza ilianzia Mkwaya, ndani ya ghuba ya Lindi, kwa sababu Mtwara haikuwa bado na gati la meli kubwa. Mpango ukaachwa 1951. Bandari ya Mtwara ikafunguliwa 1954, karanga zenyewe zikiwa zimeshakuwa hadithi, na 1962 reli ikafungwa, kisha ikang'olewa. Kwa hiyo asitegemee mtu kukuta kichwa cha treni kimelala porini kinamngoja. Kilichobaki huku ni vitu vidogo, na karibu vyote vimepewa kazi nyingine. Kipande cha reli ni nguzo ya uzio, au kimelazwa juu ya mtaro watu wavuke. Bamba la kuunganishia reli ni fuawe ya fundi. Na shuleni, juu ya mwembe, kinaning'inia kipande cha reli cha nusu mita na nondo ya kukigongea: hiyo ndiyo kengele.

Kengele ya shule tunawashauri wenzetu waiache hapo hapo. Ukiichukua umewanyang'anya watoto kengele, na wewe umepata chuma kimoja zaidi cha kupigana nacho kutu. Nenda nayo hivi: ipige picha, ichukulie alama zake kwenye karatasi, ipe namba kwenye daftari lako kama kitu kilichoko nje ya jengo, mwache mwalimu mkuu na nakala. Inagongwa kila siku na inajulikana iliko. Hakuna kabati la kioo linaloweza kuitunza hivyo.

Kuzisoma alama za reli ni kazi ya nusu saa, lakini ina utaratibu wake. Maandishi yamo ubavuni, kwenye sehemu nyembamba kati ya kichwa na kitako, na ni ya kuinuka kwa sababu yalichapwa chuma kikiwa cha moto kiwandani. Kwa kawaida utakuta jina la kiwanda, mwaka, na uzito. Tumia brashi kavu ya nailoni au ya nywele, kamwe si ya waya. Subiri giza, kisha laza tochi karibu na chuma ili mwanga upite ubavu kwa ubavu. Herufi ambazo mchana hazionekani kabisa zitatoa vivuli. Paka chaki kwa kuilaza, isiingie mashimoni, upige picha. Mwisho weka karatasi nyembamba juu yake na usugue kwa penseli laini. Karatasi hiyo ina faida ambayo simu haina: ukubwa wa herufi unabaki ule ule.

Pasipo na maandishi, pima. Kipande cha sentimita 40 chenye kilo 10 ni sawa na kilo 25 kwa mita. Zidisha kwa 2 na utapata takriban ratili kwa yadi, ambacho ndicho kipimo cha Waingereza; hapo ni reli ya ratili 50. Hesabu hii imetuokoa na aibu mara nyingi, kwa sababu huku kila chuma chenye umbo la reli huitwa "reli ya karanga". Siyo. Mashamba ya mkonge ya Lindi na Mikindani yalikuwa na vijireli vyake vya toroli. Njia za namna hiyo mara nyingi zilikuwa za upana wa milimita 600, wakati reli ya kusini ilikuwa ya milimita 1,000 kama ile ya Dar es Salaam kwenda Kigoma. Kipande kikija chini ya kilo 15 kwa mita, anza kuulizia mkonge kabla ya kutaja karanga.

Na mwaka ulio kwenye reli usiufanye mwaka wa njia. Reli hung'olewa mahali pamoja ikalazwa pengine. Ukikuta mwaka wa enzi za Mjerumani kwenye chuma kilichookotwa Nachingwea, hiyo haithibitishi kwamba Mjerumani alifika Nachingwea na treni. Inathibitisha kwamba chuma ni cha zamani, basi.

Taa, funguo, filimbi na vifungo vya sare vina kipimo rahisi zaidi: herufi za shirika. EAR&H ni reli na bandari za Afrika Mashariki baada ya maunganisho ya 1948. TR peke yake ni Tanganyika kabla ya hapo, na hicho huenda kilifika kusini kikiwa kimeshatumika kwingine. TRC, yaani Shirika la Reli Tanzania, haiwezekani kabisa kuwa ya reli ya kusini, kwa sababu shirika hilo lilizaliwa baada ya Jumuiya kuvunjika 1977, miaka 15 baada ya treni ya mwisho huku. Taa yenye TRC inapoletwa na mtu akiapa kwamba babu yake aliitumia hapa hapa stesheni, usibishane naye. Mara nyingi babu alihamia reli ya kati, akastaafu, akarudi na taa yake. Hiyo nayo ni habari, iandike kama ilivyo.

Sasa daftari. Tunatumia kaunta buku la kurasa nyingi, lenye jalada gumu, na penseli ya 2B. Wino wa kalamu ya kawaida kwenye unyevu wa pwani hutambaa na kufifia. Penseli haina habari na maji. Namba ni mwaka, nukta, zamu ya kupokelewa: 2021.7 ni kitu cha saba kupokelewa mwaka 2021. Chenye sehemu tatu kinakuwa 2021.7.1 hadi 2021.7.3, hata kama sehemu mojawapo ni skrubu. Safu zetu ni namba, jina la kitu, vipimo, alama zilizosomwa, kilikotoka, kazi yake ya kwanza, kazi yake ya pili, aliyekileta, na namna kilivyokuja. Safu ya kazi ya pili wengi huiruka, wakati huku ndiyo yenye utamu: taruma la chuma, kile kinacholazwa chini ya reli kuishika, lililofanywa jiko la pombe lina maisha mawili, na la pili lilikuwa refu kuliko la kwanza. Namba yenyewe hufungwa kwa uzi wa pamba na kikaratasi kigumu. Tepu ya gundi usiguse. Ikikaa mwaka mmoja kwenye joto, gundi inabaki kwenye kitu na karatasi inaanguka chini ya kabati, na hapo una vitu vinne visivyo na jina.

Safu ya mwisho, namna kilivyokuja, ndiyo inayovunja vikundi. Mtu analeta baiskeli ya marehemu baba yake kwa furaha. Hakuna aliyeuliza kama ni zawadi au azima. Miaka michache baadaye kunatokea mjadala wa mirathi, ndugu mwingine anakuja na watu wawili na anaitaka baiskeli leo. Karatasi moja inamaliza hili: maelezo ya kitu, neno ZAWADI au AZIMA likiwa limezungushiwa, kama ni azima basi mpaka tarehe gani, saini ya mtoaji, saini ya ndugu mmoja wa upande wake, na muhuri wa mtendaji wa kijiji au mtaa. Nakala mbili. Atakayesita kumleta ndugu wa kutia saini amekupa jibu: kipokee kama azima, au usikipokee. Siku hizi azima tunaikubali kwa shingo upande, tena kwa maonyesho ya muda tu.

Habari za wazee zinaandikwa kwenye daftari hilo hilo, zikiwa na namba ya kitu. Ukimwuliza mzee "maisha ya enzi za reli yalikuwaje", atakupa hotuba. Mpe swali lenye mahali. "Shikamoo, babu. Treni ilikuwa inachota maji wapi?" Hapo mzee anainuka, anatoka nje, ananyoosha fimbo: palikuwa na tangi, hapa bomba, pale ndipo tulipokuwa tunakaa tukingoja mizigo. Fuata fimbo na mkanda wa kupimia, chora. Hatua za wazee wawili wakiulizwa mbalimbali zikikutana karibu na msingi wa zege, umepata tangi.

Tuje kwenye kutu. Adui wa Mtwara ni chumvi kuliko mvua. Chuma kilichokaa kwenye upepo wa bahari kinabeba chumvi ndani ya vitundu vya kutu, na hata ukikipaka rangi nzuri namna gani, baada ya masika kinatoa vitone vya rangi ya machungwa kama jasho. Ukiona jasho hilo, rangi itoke na chumvi itoke. Kwa vitu vidogo vya chuma kitupu tunatumia umeme. Beseni la plastiki la lita 40, maji ya mvua, na soda ya kufulia (washing soda) kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita nne, yaani vijiko 10. Magadi ya kupikia maharage yasitumike: yana chumvi zake mwenyewe, na wewe unahangaika kuitoa chumvi. Ukikosa soda ya kufulia, chukua soda ya kuokea, ikaange kavu kwenye sufuria kwa moto mzuri muda wa saa nzima ukikoroga. Inatoa hewa na mvuke, na kinachobaki ndicho unachokitaka.

Zungusha beseni kwa vipande vinne vya nondo ya kawaida vilivyounganishwa kwa waya, hivyo viende kwenye chanya ya chaja ya betri ya volti 12. Kitu chako kining'inie katikati bila kugusana navyo, kiende kwenye hasi. Ukivigeuza utakuwa unakila kitu chako na kuzisafisha nondo, na kosa hili limewahi kufanywa na watu wenye akili zao timamu. Chuma cha pua usikiweke mahali pa nondo, kwa sababu kinaacha sumu ya kromiamu ndani ya maji. Ampea 2 hadi 4 zinatosha, saa 12 hadi 24. Viputo vitoke kwenye kitu. Visipotoka, kibanio kimekaa juu ya kutu. Kwangua sehemu ndogo isiyoonekana, bana upya. Chaja za kisasa zinazojizima zenyewe hazifai, tafuta ile ya zamani ya gereji. Kazi ifanyike barazani penye upepo, bila sigara, kwani vile viputo ni hidrojeni. Zima umeme kabla ya kutia mkono.

Kikitoka, kutu imekuwa matope meusi yanayotoka kwa brashi. Kisuuze kwa maji ya mvua, kiloweke ukibadili maji kila siku kwa wiki moja, na tia soda ya kufulia kidogo kwenye maji hayo ili kisishike kutu upya. Maji ya kisima cha karibu na bahari yanarudisha ulichokitoa. Siku ya mwisho kichovye kwenye maji yanayochemka, kikitoka kinajikausha kwa joto lake chenyewe. Ukikiacha kikauke taratibu kinageuka rangi ya machungwa mbele ya macho yako. Kikiwa bado cha uvuguvugu, pakaza nta. Yetu ni gramu 100 za nta ya nyuki iliyoyeyushwa ndani ya kopo lililowekwa kwenye maji ya moto, kisha mbali kabisa na moto unatia mililita 250 za tapentaini na kukoroga hadi ipoe. Tabaka jembamba, acha usiku, ng'arisha kwa kitambaa. Chuma kinachokaa juani kisipakwe nta, inalainika na kunasa vumbi. Hicho ni cha rangi.

Kuna vitu beseni hilo ni kifo chake: alumini, springi, kitu chenye shaba na chuma pamoja, na chochote chenye rangi ya zamani yenye maandishi. Rangi ya awali ikitoka imetoka.

Oili chafu tunaitaja peke yake kwa sababu kila fundi atakushauri uipake, kwenye chuma na kwenye mbao. Inazuia kutu kwa muda, kweli. Pia inakusanya vumbi la barabara mpaka alama zote zinakuwa ukoko, inachafua nguo za wanafunzi, na kuiondoa kwenye mbao haiwezekani. Mafuta ya maganda ya korosho nayo yanafukuza mchwa, lakini yanaunguza ngozi na kuacha weusi wa kudumu. Kwa nguzo za uzio ni sawa, kwa benchi la abiria hapana.

Kwa shaba, ndimu na chumvi zinang'arisha vizuri mno kwa wiki moja. Ya pili yake inatoka kijani. Bora shaba ibaki na wekundu wake wa uzee, ifutwe kwa kitambaa kikavu. Jambo jingine ni la huku tu: salfa. Kuanzia Juni mpaka Agosti inapulizwa mikoroshoni kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, na jengo lolote kubwa lenye paa zima linatazamwa kama ghala. Chumba cha pili cha jengo letu kiliwahi kuwekwa mifuko ya salfa kwa msimu mmoja, mlango wa kati ukiwa umefungwa, na shaba yote upande wetu ikageuka nyeusi kama masizi. Salfa na shaba, palipo na unyevu, hazikai nyumba moja. Andika hilo kwenye makubaliano ya jengo kabla hujaingiza kitu cha kwanza, pamoja na mbolea na chumvi ya samaki.

Mchwa wana kanuni mbili. Kila cha mbao au karatasi kiwe sentimita 40 juu ya sakafu, juu ya miguu ya chuma. Kila kabati liwe sentimita 15 kutoka ukutani, mkono na tochi vipite. Mchwa hawazuiliki daima, ila njia yao ya udongo inaonekana, na anayekagua kila Jumamosi wakati wa mvua, kuanzia Desemba mpaka Aprili, anaikuta ikiwa na urefu wa kidole. Anayekagua kila mwezi anakuta sanduku la vitabu lenye ngozi nje na udongo ndani. Ukuta unaotoa shura, ule unga mweupe wa chumvi, usiupige plasta ya saruji: maji yaliyokuwa yanatokea hapo yatapanda juu zaidi. Ufagie shura ikiwa kavu, itoe nje, pangusa, paka chokaa. Paa likiwa la vigae vya asbesto vya zamani, hakuna kutoboa, kusugua wala kukata. Lililovunjika linalowanishwa na kuachwa mpaka apatikane mwenye vifaa.

Si lazima kila kitu kiwe cha reli. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003, mabasi ya kusini yalivuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, na masika safari ya Dar ilikuwa haina tarehe ya kufika. Sepetu ya utingo, mbao mbili za kuwekea tairi kwenye tope na mnyororo vimewekwa kwetu karibu na mlango, na wageni wanasimama hapo kuliko mbele ya reli. Ni haki yao. Reli wanaisikia kwa babu zao, tope walilisukuma wenyewe.

Tiketi za basi za miaka hiyo ni karatasi ya kawaida, zinakaa kwenye bahasha ya karatasi isiyong'aa, kila moja peke yake. Tiketi za kadi za treni, zile ngumu za milimita 57 kwa 31, zisibanwe kwa pini wala stepla. Kutu ya pini inapenya kadi yote. Zinazotutia wasiwasi ni tiketi za leo. Karatasi ya mashine za sasa inaandikwa kwa joto, na joto la Mtwara linaendelea kuiandika mpaka iwe kijivu kitupu. Ipige picha au nakala siku hiyo hiyo unayoipokea. Usiipeleke ikafungwe plastiki kwenye duka la stesheneri: ile mashine ni pasi, tiketi inatoka nyeusi tii huku mwenye duka akikutazama.

Ratiba ya kufungua ifuate korosho, si kalenda ya ofisi. Kuanzia Oktoba watu wako mashambani wanaokota, kisha wako mnadani, na mkiwa mmebandika mlangoni "tunafungua kila siku" mtakuwa waongo miezi mitatu kila mwaka. Sisi tunafungua Jumatano kwa shule na Jumamosi kwa wote. Wanafunzi wanaingia 15 kwa zamu, waliobaki wanagonga reli nje. Moja tumeiweka maalumu, haina alama, wagonge wanavyotaka. Katika msimu ni Jumamosi peke yake, na funguo zinakuwa kwa watu wawili ambao mashamba yao hayako upande mmoja. Mmoja wao ndiye anayekaa na nakala ya daftari nyumbani kwake, ndani ya ndoo yenye mfuniko, juu ya kabati.